Dada Kokoto, Aliyekataa Njia ya Bondeni Ifungwe

Dada yetu tunayemzika leo alikataa mambo mengi maishani mwake, na familia imeona si haki kumsomea wasifu wa mtu aliyekubali kila kitu. Wengi mlimjua kwa jina la Kokoto. Tutaeleza lilikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, siku ya Jumatatu, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kupasua magogo. Baba yetu alikuwa mwendesha msumeno na mama yetu mshonaji. Alikuwa kifungua mimba katika watoto watano, na sisi tuliomfuata tulilelewa mgongoni mwake kabla ya kulelewa kwenye kibebeo cha baiskeli.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari kuanzia 1975 hadi 1978. Sekondari ilikuwa ng'ambo ya bonde, na njia ilishuka msituni, ikafuata mto, ikapanda kilima. Baba alikuwa na baiskeli ndefu ya chuma. Dada alikuwa mfupi, kwa hiyo aliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba la katikati, mwili wote umeegemea upande mmoja kama mtu anayechungulia dirishani. Baba alipomkuta akamwambia, "Baiskeli si kitu cha mtoto wa kike." Dada akamjibu, "Baba, mwenyewe nimeiuliza. Haijakataa." Baba alicheka mpaka akasahau kumchapa, na mwenye kucheka ameshashindwa kesi.

Katika mteremko wa mwisho wa kilima kile, akiwa kidato cha pili, alianguka kwenye changarawe. Muuguzi wa zahanati alizitoa kokoto moja moja kwenye goti lake, ikabaki moja iliyozama sana. Alipotaka kuichimba, dada akasema, "Iache hiyo, nesi. Hiyo nimeshaigharamia." Ikabaki. Jina likabaki pia.

Mwaka 1981 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msomaji wa kina cha mto. Kazi yake ilikuwa kwenda kusoma nguzo za kupimia maji: moja kwenye chemchemi msituni, nyingine chini ya vilima, na ya tatu bondeni kabisa, mto unapopanuka. Gari la ofisi lilifuata barabara kuu na halikufika popote palipokuwa na maji. Yeye alifika, kwa baiskeli, masika na kiangazi, mpaka alipostaafu mwaka 2016. Alizijua changarawe kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Ya msituni ni nyeusi, imechanganyika na majani, inateleza bila kelele. Ya vilimani ni nyekundu na kali, inakata tairi. Ya bondeni ni mawe ya mviringo yanayocheza chini yako kama mbegu za bao. Aliwaambia wageni, "Kwenye kokoto usibane breki ya mbele, na usibane moyo. Ukibana kimoja utaanguka."

Wageni walianza kidogo kidogo. Kwanza karani wa benki aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, halafu mwalimu mmoja na mkewe, halafu vijana wenye baiskeli za matairi mapana waliosikia habari zake mbali. Dada aliwachorea njia tatu: ya Msitu, ya Vilima na ya Bondeni. Hakuitangaza njia yoyote kabla hajaipita kwenda na kurudi, na hakuna aliyemshawishi abadili utaratibu huo. "Kushuka kila mtu fundi," alisema. "Njia huijui mpaka uipande ulikoshukia."

Penye njia panda aliweka jiwe lenye mshale wa rangi nyeupe. Mwaka mmoja mafuriko yaligeuza jiwe moja, na Jumapili waendesha baiskeli wote wa Njia ya Msitu wakaingia uani kwa kanisa letu katikati ya mahubiri, wamelowa matope mpaka nyusi. Dada alikuwa ameketi kiti cha mbele. Aliinama kama anayeomba, na huenda kweli aliomba. Baada ya ibada alimfuata mchungaji kumtaka radhi. Mchungaji akamwambia, "Mama Kokoto, wengine tunawaita miaka yote hawaji. Wewe umetuletea kwa jiwe moja. Usiligeuze." Aliligeuza. Tangu siku hiyo mishale yake aliichora kwenye miamba tu, ambayo hata gharika ya Nuhu ingeiacha ilipo.

Alifunga ndoa takatifu tarehe 6 Desemba 1986 na shemeji yetu, fundi seremala. Walikutana tairi la dada lilipotoboka mbele ya karakana yake. Shemeji aliliziba, lakini kabla dada hajafika mbali likaishiwa upepo. Dada alirudi akiikokota baiskeli.

"Wewe fundi, umeziba wapi?"

"Nimeziba pembeni ya tundu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka urudi."

Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na kijana. Wakwe walipolalamika kwamba mke wa mtu hapiti porini na wanaume wenye kaptura, shemeji aliwajibu, "Mimi namwogopea nyoka tu. Na nyoka ndio wanaomwogopa." Tunamshukuru shemeji. Hakumfungia mlango hata siku moja.

Aliyetaka kumfungia alikuja mwaka 2018. Shamba jipya la miti ya mbao lilinunua ardhi pande zote za mto, na msimamizi wake akaweka mnyororo kwenye Njia ya Bondeni. Dada alikwenda ofisi ya ardhi. Aliambiwa kwamba njia ile ni ya watu wote maadamu watu wanaipita. Ikikaa mwaka mzima bila mguu wala gurudumu, shamba litaichukua. Alirudi nyumbani, akatia mnyororo wa baiskeli mafuta. Kuanzia hapo kila Jumamosi alifika penye mnyororo wa shamba, akabeba baiskeli begani, akavuka, akapita mpaka mwisho wa bonde na kurudi.

Msimamizi alimwambia, "Mama, utachoka."

"Mwanangu, nikichoka nitapumzikia hapa hapa juu ya mnyororo wako. Umeufunga vizuri, unafaa kuwa bembea."

Mwaka 2022 mguu ulianza kumuuma. Picha ya hospitali ilionyesha saratani ya uboho, ute wa ndani ya mifupa, na ikaonyesha pia doa jeupe gotini. Daktari akauliza, "Mama, na hiki ni nini?" Akasema, "Hiyo ni mali yangu, usiiandikie dawa." Watu walisema baiskeli ndiyo iliyomsaga mifupa. Maneno hayo yamesemwa hata kwenye matanga haya, tena chai yetu ikiwa mkononi. Tunayajibu hapa, mbele yake: daktari alituambia wazi kwamba ugonjwa ule haukutokana na baiskeli. Baiskeli haikumuua dada yetu. Ilimbeba.

Alipokosa nguvu za kukanyaga, shemeji alimtengenezea kiti cha mbao chenye mgongo na mikono, akakifunga nyuma kwenye kibebeo. Binti yake ndiye aliyekanyaga, shemeji akifuata nyuma. Jumamosi moja walipofika kwenye mnyororo, msimamizi alimwona alivyokonda, akatoka kibandani kwake na funguo, akaufungua. Alifanya hivyo kwa huruma, nasi tunalisema hilo kwa heshima yake. Dada akamwambia, "Ufunge, mwanangu. Nikikuzoesha kunifungulia, utajiona una haki ya kunifungia." Akaufunga. Binti na shemeji wakamnyanyua juu ya mnyororo, kiti na vyote, wakaendelea. Msimamizi akabaki ameshika funguo.

Katika ugonjwa wake wote marehemu hakuacha kusali, na hakumlaumu Mungu. Alisema Mungu ndiye aliyechora mabonde, kwa hiyo anajua yanapotokea. Jumamosi tarehe 3 Mei 2025 alipitishwa bondeni, kwenda na kurudi. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei, alifariki dunia nyumbani kwake, katika chumba kinachotazama karakana, baada ya kunywa uji na kuuliza kama matairi yana upepo.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na waendesha baiskeli ambao hatukuwahi kuwapata wote mahali pamoja ila leo. Ameacha mishale kwenye miamba. Kokoto yake hakuiacha, tunamzika nayo.

Familia ina neno moja la mwisho. Shamba wameanza kuuliza, kwa upole, kama sasa Njia ya Bondeni itapumzika. Aliyepumzika ni dada peke yake. Kesho Jumamosi, baada ya chai, tutashuka msituni, tutafuata mto mpaka mwisho, na tutarudi kwa njia hiyo hiyo. Mwenye baiskeli aje nayo, asiye nayo ana miguu. Kiti cha mbao kitakuwa kwenye kibebeo. Mtoto wa mwisho wa binti yake ataketi humo. Msimamizi wa shamba amekuja kuzika pamoja nasi, na tunamshukuru kwa moyo wote. Tunamwomba jambo moja tu: kesho asitufungulie.

Dada, Mungu akupe pumziko jema. Njia tuachie sisi.