Rupia Nilizozitoa Kidogo Kidogo

Assalaam aleykum, na wenzetu Wakristo nawasalimu kwa heshima. Mwenyekiti ameniambia nisimame niseme tulivyokwenda India na tulivyorudi. Nitasema kama ilivyokuwa.

Mnanijua, mimi ni dalali wa mbuzi pale mnadani Kinango. Kwa bei, mtu hanichezei. Mlipotuchangia, gharama ya upasuaji wa moyo wa binti yangu ililipwa moja kwa moja hospitali ya kule. Zilizobaki, za chumba, chakula na dawa, zikawekwa benki, nikapewa kadi.

Tulipotua, dola chache nilizokuwa nazo nikazibadilisha papo hapo uwanja wa ndege. Mbuzi sijawahi kumnunua bila kuuliza kwa wengine, lakini mtoto alikuwa amechoka, midomo imegeuka rangi.

Kisha ikawa kadi. Ndugu zangu, nawaambia, nyinyi wenyewe mwajijua: huku pesa za simu twazitoa kidogo kidogo, ili jamaa akija na shida yake umwonyeshe mfuko mtupu na usiwe muongo. Basi na kule nikawa vivyo hivyo. Asubuhi natoa za chai, jioni natoa za wali. Mashine ikauliza, nikatwe kwa shilingi au kwa rupia? Nikachagua shilingi, maana ndizo ninazozijua. Nikajiona mjanja.

Upasuaji ukaenda vyema, alhamdulillahi. Daktari akasema tukae wiki moja zaidi, amtazame tena kabla ya kupanda ndege. Nikaangalia salio, wiki haimo. Mtoto anakula, anacheka, nikaamua turudi. Kuwapigia simu tena niliona haya. Wengine humu mliuza kuku.

Pale tulipopanga alikuwapo mama mmoja wa Tanga, akimuuguza mumewe, na jiko letu lilikuwa moja. Nilipomwambia twaondoka, akaniuliza pesa zimekwendaje. Nikamweleza. Akaacha kusonga ugali.

"Kaka, kila ukitoa wanakukata. Na ukiikubalia shilingi, mashine yajipangia bei yake ya kubadilisha. Toa za wiki nzima mara moja, chagua rupia, uzifunge kwenye nguo."

Nilimkasirikia kwanza yeye, kisha nafsi yangu. Zilizokatwa hazikurudi. Lakini zilizobaki nikazitoa kwa mkupuo, kwa rupia, na yule mama akatukaribisha kwenye sahani yake. Tukakaa.

Siku ya kutazamwa, daktari akakuta maji yamejikusanya kando ya moyo. Wakayatoa siku ile ile, bila kutudai zaidi. Akasema tungepanda ndege vile, huenda ningeshuka na maiti. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia.

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo kauli ya kikundi chetu. Mimi nimeona kwamba hukimaliza pia. Mwenzetu anayempeleka mamake mwezi ujao, iulize benki makato yake kabla hujaondoka. Uwanja wa ndege badilisha za teksi tu. Na mashine ikikuuliza, ijibu kwa pesa ya pale ulipo.

Nawashukuru nyote. Namshukuru na yule mama wa Tanga, ambaye alirudi kwao peke yake.

Binti angekuja kuwashukuru mwenyewe, lakini leo shuleni kwao kuna mashindano ya mbio. Amenikataza nisiende kumwangalia, ati namtia hofu.