Wifi Yangu Kristina na Nyumba Aliyoijua kwa Mikono

Marehemu Kristina Zebedayo alizaliwa Muheza tarehe 3 Mei 1931, mtoto wa pili wa Mzee Zebedayo na Mama Semeni. Akiwa na miaka minne aliugua surua, na homa ilipomwacha macho yake hayakuona tena. Mimi Beatrisi, dada wa mumewe, ndiye niliyepewa kusoma haya. Wanaonijua wanajua sina maneno machache, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka 1940 alianza shule ya misheni. Vitabu vya kusoma kwa vidole huku kwetu havikuwepo, basi alisikiliza tu, akaishika katekisimu nzima kichwani. Siku ya maswali wenzake waligombania kukaa karibu naye, maana alinong'ona majibu bila hiana. Baada ya darasa la pili alirudi nyumbani, na mama yake akamfundisha kupika, kufua, na kukaanga maandazi, kazi aliyoifanya mpaka uzeeni.

Kaka yangu Tadeo alikuwa seremala. Alikwenda kwao Kristina kutengeneza mlango, kazi ya siku moja, ikamchukua wiki nzima. Jamani, mlango gani huo! Walifunga ndoa tarehe 18 Aprili 1953, Kanisa Katoliki, Tanga mjini, wakapanga nyumba Ngamiani, nami nikakaa nao. Kila asubuhi marehemu alikuwa barazani na karai lake. Watu walimwuliza Tadeo, "Mkeo huyu haungui?" Kristina ndiye aliyejibu: "Naungua kama wewe. Unataka mangapi?" Wasamaria wema nao walimshika mkono wakamvusha barabara hata siku ambazo hakuwa na safari ya ng'ambo. Aliwashukuru, akasubiri waende zao, kisha akavuka kurudi.

Tarehe 12 Julai 1954 alijifungua Ernesti. Mtoto alipoanza kutambaa, ukoo wetu ulikaa kikao Muheza, ukaamua aletwe alelewe na bibi yake, kwa kuwa nyumbani kuna moto na mafuta ya moto na mama haoni. Kristina hakuulizwa. Mama yetu akaja Ngamiani na kapu la machungwa. Machungwa ya kula, kapu la kurudia na nguo za mtoto. Akasema atakaa siku chache kwanza, aone.

Mama alikuwa na upendo, lakini upendo wenyewe wa kupangapanga. Mtungi ukatoka penye mlango, kigoda kikasogezwa, chumvi ikahamia palipokuwa na sukari. Kristina akajigonga miguu ndani ya nyumba yake, na chai tuliyokunywa siku hiyo, loo! Mama akatikisa kichwa: "Hata nyumba inamshinda." Mkwe hajibiwi, basi Kristina alinyamaza, ila usiku alimkumbatia mwanawe akilia. Kaka yangu, kati ya mama na mke, akawa anachunguza kucha zake.

Siku moja Kristina alimlaza Ernesti mkekani, akaenda uani kuanua nguo. Aliporudi akapapasa mkeka: mtupu. Alipiga ukelele hata jirani yetu Mwanamkasi akaja mbio bila viatu. Mama akasema, "Unaona, mwanangu? Mtoto umempoteza humu humu ndani." Mara mtoto akapiga chafya chumbani, kitandani, alikokuwa amelazwa na bibi yake asipigwe na upepo. Kristina aliifuata chafya ile, akamwinua mwanawe, akarudi naye ukumbini.

"Shikamoo, mama," alisema kwanza. "Mtoto hakupotea. Amehamishwa. Na mtungi umehamishwa, na chumvi imehamishwa. Nyumba hii naijua kwa mikono. Ukinihamishia kitu bila kusema, ni kama umenizimia taa. Mwanangu simtoi."

Mimi nilikuwa nakuna nazi, mkono ulisimama. Mama akauliza, taratibu, "Basi mtungi ulikuwa wapi?" Kristina akamshika mkono, wakaizunguka nyumba pamoja, kitu kimoja kimoja. Siku zilizobaki mama alikaa mikono ameifunga ndani ya kanga, asije akajisahau akapanga kitu. Aliona mtoto akiogeshwa, akilishwa, akibebwa mgongoni mbele ya karai, wala hajapata hata lengelenge. Alipanda basi la Muheza na kapu tupu, na huko akawaambia wazee suala hilo lisizungumzwe tena.

Mwaka 1990 marehemu alianza kuugua kisukari. Alilazwa hospitali ya Bombo mwezi uliopita. Ernesti alipokwenda kumwona, alimpapasa uso, akasema, "Umekonda. Mkeo hakupikii, au unaringa?" Wodi nzima ilicheka. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Machi 1994, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tadeo.

Ameacha mume, Tadeo, watoto Ernesti, Fanueli na Anastazia, wajukuu, na mimi wifi yake, ambaye sasa sina wa kunitania, na inaniuma. Wazee wetu walikaa wakaamua kwamba mikono ya Kristina haiwezi kulea. Watoto wenyewe ndio hawa waliosimama mbele yenu. Wote watatu aliwalea yeye.

Mungu ampokee wifi yangu, ampumzishe katika amani yake.