Kipara cha Raymundi

Vita vilikuwa vimekwisha, na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, waliopona walikuwa wamesharudi na makoti yao mazito. Pale Chemchem, kando ya njia ya kale ya misafara iendayo Ujiji, wanaume wachache walikuwa na taruma lao kuukuu la reli, limelazwa kuwa benchi mbele ya jiko la Lukumani muuza kahawa, na hapo kila alasiri ulimwengu mzima ulisemwa na kukosolewa. Mussa, fundi cherehani, walimwita Daktari kwa sababu aliwahi kupika uji hospitalini. Mzee Masele walimwita Ngata, kwani ujanani alibeba pembe za ndovu kichwani mpaka pwani. Raymundi wa karakana ya reli walimwita Spana. Huyu ndiye aliyekuwa mcheshi wao, mpaka masika yaliyopita, alipoanza kukaa na kofia jua na kivuli na kusahau hata kucheka. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi mama yake alikuwa anakuja kutoka Ziba.

— Spana, vua hiyo kofia, — alisema Daktari. — Sote tunajua. Hata kinyozi anajua, maana umemnyima kazi.

Raymundi alitazama barabara juu na chini, kisha akaivua. Waliguna. Hapakuwa na unywele hata mmoja. Nywele zilianza kutoka kwa vidoa vya mviringo, vidoa vikaungana, na sasa hata nyusi zilikuwa zinapukutika.

— Mapunye hayo, — alisema Lukumani, akimimina kahawa.

— Si mapunye. Hospitalini wamenitazama. Hakuna magamba, hakuna kidonda, wala si ukoma. Wamesema nywele namna hii hutoka zenyewe, na pengine hurudi zenyewe. Dawa hawana. Wameniuliza tu kama nimepatwa na jambo zito.

— Ukawajibu nini?

— Nikawajibu sijapatwa na kitu.

Uongo ule ulimtoka kwa urahisi, maana alikuwa ameuzoea. Mdogo wake Eustace alipelekwa vitani Burma na hakurudi. Bomani walisema hajulikani alipo, na mama yao, Apolinaria, alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Asiyejulikana alipo hajafa. Basi hapakuwa na matanga, na kwa kuwa hapakuwa na matanga, hakuna aliyenyolewa kichwa kama wanavyonyolewa wafiwa siku ya kuanua matanga. Mama alipiga marufuku wembe katika ukoo mzima. Nywele zake mwenyewe hazijaguswa tangu Eustace alipopanda treni.

Ila masika yale, askari mmoja wa Sikonge aliteremka stesheni, akamvuta Raymundi pembeni. Alisema alimwona Eustace kwa macho yake huko Burma, mto umemchukua na mzigo mgongoni, na hakuibuka. Alimsihi Raymundi amwambie mama. Raymundi aliahidi, akarudi karakana, akakaza nati. Hakumwambia mtu. Haukupita muda mrefu, akaanza kuokota nywele kwenye mto wa kulalia.

— Mama mtu mzima, — alisema Mzee Ngata. — Mwambie umeota kipara, basi. Mimi mbona ninacho?

— Cha kwako ni cha uzee, Mzee, umebakiwa na nywele za pembeni. Mimi ataniona nimenyolewa. Ataona nimemzika mwanawe bila yeye.

Kijiwe hakijui kunyamaza, na Mzee Ngata ndiye aliyeanza.

— Cha kwangu kimetokana na mizigo. Na babu yako, Spana, alibeba pia, tena shehena mbili mbili. Utosi uliochubuka Bagamoyo unakuja kumtokea mjukuu huku.

— Mbona ndugu yake Eustace alikuwa na nywele kama kichaka? — aliuliza Lukumani.

— Huyo alichukua upande wa bibi.

— Acheni ushamba! — Daktari aliweka kikombe chini. — Kipara cha ukoo huanza mbele, kinapanda taratibu kama maji. Hiki kimevamia. Hiki ni sumaku! Mtu anashinda na vyuma vya treni tangu asubuhi, unafikiri damu yake ina nini? Ina chuma. Chuma kinavutwa na chuma, na nywele zinafuata.

— Na makuli wa reli wote je? Wana nywele.

— Hao damu yao nyepesi. Hawali nyama.

— Wallahi mimi nasema ni ndege, — alisema Lukumani. — Amechukua nywele zake akajengea kiota. Kila yai likiatamiwa, kichwa kinapata joto huku. Atafutwe ndege huyo, aondolewe kwa adabu.

— Njiani kutoka Ujiji, — Mzee Ngata alidakia, — alikuwepo mpagazi aliyemwaga nywele zote Uvinza kwa sababu ya chumvi. Zikaota tena Tabora, zikawa nyekundu!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Raymundi aliwachukia kwa kicheko kile, na wakati huohuo hakutaka waache, maana wakiacha angebaki na mto wa Burma peke yake.

Daktari alitoa kichupa kwenye mfuko wa koti. Kilikuwa na mafuta ya nyonyo, maji ya kitunguu na masizi ya sufuria. Masizi, alieleza, ni ya kuzikumbusha nywele rangi yake.

— Kufikia Jumamosi zitakuwa zimeota?

— Zitachungulia.

Raymundi hakuamini. Aliinamisha kichwa hata hivyo, na Daktari akaanza kusugua. Ndivyo alivyokuwa, ameinama, mafuta meusi yakimchuruzika shingoni, alipopita mwanamke mwenye kapu kichwani, akasimama. Lori la pamba lililomleta lilikuwa limetangulia siku mbili.

— Shikamoo mama, — alisema Daktari, hajamjua bado.

Mwanamke alitua kapu, akaja, akaweka kiganja juu ya utosi wa mwanawe. Raymundi aliujua mkono ule kabla ya kuinua macho.

— Umemnyolea nani, baba?

Lukumani alitazama jiko lake. Mzee Ngata, aliyekuwa na jibu la kila kichwa kutoka Ujiji hadi pwani, alivua kofia yake ya kitambaa akaikunja magotini.

— Mama, hakunyoa, — alisema Daktari kwa sauti ndogo. — Ni maradhi. Zimepukutika zenyewe.

— Sikukuuliza wewe.

Ilikuwa kweli ni maradhi. Hospitalini wamesema, na Raymundi angeweza kulisema neno hilo, mama akaenda kulala na matumaini yake. Lakini kiganja kilikuwa bado kichwani pake, na hakuwa na nguvu tena ya kuficha.

— Mtoni, mama. Huko huko Burma. Yupo aliyeona.

— Amekuambia lini?

— Masika.

Mama Apolinaria alitazama kiganja chake kilichojaa masizi.

— Masika, — alisema. — Na mimi nimevuna karanga, nikatenga za Eustace. Zimo kapuni humo.

Alikaa juu ya taruma kando ya mwanawe, mahali ambapo mwanamke hakuwahi kukaa. Akafungua kilemba. Nywele zilimshukia mabegani, nyingi, nyeupe, zimefungamana, na Raymundi alipoziona aliona aibu iliyopita aibu yote ya kipara.

— Lete wembe, — alisema mama. — Siingii nyumbani kwako na hizi.

Lukumani aliingia ndani, akarudi na wembe wake wa ndevu na kikombe cha maji. Raymundi alikuwa amejipangusa shingo, na mikono yake ilikuwa inateleza kwa mafuta ya nyonyo. Aliifuta kwanza kwenye suruali, kisha akaupokea.