Fundi Aliyekunywa Chai Chini ya Zege

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, baba yetu alipovuta pumzi yake ya mwisho, chumbani walikuwepo mke wake, binti zake wawili, mwanawe wa kiume, mkwe wake ambaye ndiye anayewasomea haya, jirani yetu fundi cherehani, na kaka wa mkewe, ambaye wengi hapa mnamfahamu kama Shemeji kwa kuwa marehemu hakuwahi kumwita vinginevyo, na ambaye hadi wiki hiyo alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa zaidi ya miaka saba. Mama ameomba historia hii isomwe yote, matamu na machungu, maana amesema aliolewa na mtu mzima, hakuolewa na nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne wa mchoma matofali na mama aliyefua nguo za watu, na kwa jinsi vumbi jekundu lilivyokuwa likiingia mpaka ndani ya mashuka, alipenda kusema kwamba yeye alizaliwa akiwa ameshapakwa rangi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, na dada yake mkubwa bado anakumbuka siku mwalimu wa hesabu alipomwambia kuwa jibu lake ubaoni si sahihi, naye akakataa kulifuta, akasimama palepale mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na dada alipokwenda kumtafuta alimkuta peke yake darasani, chaki mkononi, midomo imemvimba kwa hasira. Nyumbani walicheka sana siku ile, na jina la Profesa likamganda kwa muda.

Mwaka 1972 alianza kazi kama kibarua wa kubebea mafundi maji, mwaka 1975 akashika mwiko wake mwenyewe, na kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano alikuwa ndiye fundi anayeitwa kila penye nyumba ya ghorofa, kwa sababu zege lake lilikuwa halijui ufa. Ninyi mliofanya naye kazi mnaijua desturi yake, kwamba ikifika siku ya kutoa mirunda, yaani zile nguzo za miti zinazolishikilia zege mpaka likauke, wakati mafundi wengine wanasimama mbali na kunyoosha shingo, yeye aliingia chini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanywa chai yake taratibu huku nguzo zinatolewa moja moja kichwani pake, ili mwenye nyumba aone na alale usingizi. Hapo ndipo lilipotoka jina la Fundi Chai, na kuna mama mmoja aliwahi kuja mpaka mlangoni kuagiza chupa tatu za chai kwa ajili ya kikao, marehemu akamkaribisha, akamtengenezea, wala hakumwambia kuwa amekosea nyumba.

Jumamosi ya tarehe 25 Juni 1983 alifunga ndoa na mama yetu, dada wa Shemeji, na wakati huo yeye na Shemeji walikuwa wameshakuwa mafundi wawili wa ndoo moja. Alikuwa amepelekwa na Shemeji kupiga lipu ukuta mmoja wa sebule ya wazazi wao, kazi ya siku mbili, naye akaifanya wiki tatu, mpaka babu akamuuliza kama ukuta ule unapigwa lipu au unaposwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza mwaka 1985, wa pili 1988, na wa mwisho, mume wa msomaji, mwaka 1992.

Alikuwa baba wa vitendo. Mkwe wake aliporudi kutoka kujifungua kwa upasuaji, akitembea kwa kushika ukuta, alikuta kizingiti cha mlango kimevunjwa na kusakafiwa upya, chini kabisa, ili asilazimike kuinua mguu, na alipotaka kushukuru marehemu alijifanya anatafuta miwani.

Lakini baba yetu hakuwa mtu wa kuambiwa. Ukimwambia jambo faraghani alinuna, ukimwambia mbele za watu umeliharibu, atafanya kinyume chake hata kama alikuwa anakubaliana na wewe. Mama alijifunza mapema kumpa ushauri kama vile ni wa kwake, akianza na kusema, "Kama ulivyosema juzi," naye marehemu aliitikia kwa kichwa kwa heshima, ingawa juzi hakusema kitu, na kwa njia hiyo nyumba ilikwenda vizuri miaka mingi.

Jumanne, tarehe 9 Agosti 2016, walikuwa kwenye nyumba ya muuguzi mmoja mstaafu, mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo tangu zege limwagwe, na Shemeji, akigonga kwa kidole na kusikiliza, alisema mbele ya vibarua na mbele ya mwenye nyumba, "Shemeji, hili bado bichi, tuliache wiki moja." Kama angelisema pembeni, kama angeanza na "Kama ulivyosema juzi," pengine leo tungekuwa tunasoma historia nyingine. Marehemu alimtazama, akaomba chai yake, akaenda kuketi chini, na kutoka kule akajibu, "Anayeogopa akae nje. Toeni."

Shemeji aliwaamuru vibarua watoke, wakatoka, lakini safu ya katikati ya mirunda ilikuwa imeshatolewa, na zege liliposhuka yeye aliingia mbio badala ya kutoka, akamsukuma marehemu hadi mlangoni, likamkuta yeye. Marehemu alivunjika nyonga. Shemeji alikatwa mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko, naye alikuwa fundi wa mkono wa kulia.

Baada ya hapo marehemu alisema saruji ilikuwa mbovu. Alisema hivyo hospitalini, akasema hivyo nyumbani, na kila fundi aliyekuja kumjulia hali ilimbidi kwanza akubali kuwa saruji ilikuwa mbovu ndipo apewe kiti, wakakubali mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa aibu, mara ya tatu wakaacha kuja. Shemeji alikuja mara moja tu, akiwa na bendeji, akasikia habari ya saruji, akaaga vizuri. Kazi zilikoma, na mtu aliyekuwa hawezi kuvuka barabara bila kuitwa kutoka kila jengo akawa anaketi uani, akipiga lipu na kubomoa ukuta uleule wa banda la kuku. Kila Jumamosi mama alikwenda kwa kaka yake, na kila aliporudi marehemu aliuliza kama mvua imenyesha upande ule, hakuuliza kingine, lakini alikuwa hagusi chakula mpaka ajibiwe.

Novemba 2022 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumpungukia, daktari kijana akamwambia ni moyo, apunguze chumvi, ameze dawa kila siku, naye kwa kuwa aliambiwa mbele ya wagonjwa wengine, alizimeza siku alizopenda mwenyewe. Alipokubali kulazwa, Februari mwaka huu, ilikuwa imechelewa, na aliomba arudishwe nyumbani.

Jumatatu ya tarehe 11 Machi alimtuma mama akamwite kaka yake. Shemeji alifika na vumbi la kazini, maana siku hizi anasimamia mafundi, wakazungumza kwanza juu ya bei ya mbao na juu ya mjukuu anayeota meno, kisha marehemu akageuka, akasema, "Shemeji, lilikuwa bichi. Nilijua." Shemeji akamjibu, "Najua ulijua. Sogea, nikae." Akasogea.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mgonjwa. Inamshukuru fundi cherehani aliyemshonea suruali pana kwa ajili ya ile miguu bila kuombwa. Inawashukuru mafundi na vibarua wote mliorudi wiki hii. Na inamshukuru mama muuguzi mstaafu, ambaye nyumba yake ndiyo iliyoanguka, lakini alikuja na matunda wodini kwa wagonjwa wote wawili, akiwagawia sawasawa.

Umechoka, baba, sasa upumzike kwa amani ya Mungu.

Tangu Jumatatu ile Shemeji hajarudi kwake, analala sebuleni kwetu.