Pale Tunaponyamaza

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na hubeba watu watatu na ubishi wa watu thelathini. Asubuhi ile ubishi ulizidi uzito. Kesho yake Klabu ya Kodiani ya mtaa ingepiga jukwaa moja na klabu ya wageni, waliofika kwa basi na kodiani zao saba, na kila mwenye masikio alikuwa hashikiki kwa furaha. Klabu yenyewe ni watu tisa, chumba cha nyuma ya karakana ya seremala, kila Jumamosi alasiri. Wapo walioingia kwa kupenda muziki, wapo waliokimbia kelele za nyumbani wakakuta kubwa zaidi. Wawili wameoana humo humo, na wawili wengine hawasemezani mwaka wa pili sasa, lakini wakishika kodiani hawapishani hata kidogo. Katikati ya benchi alikaa Sindano, fundi cherehani, kahawa ikimpoa mkononi. Tangu Mwalimu wao afariki miezi mitano iliyopita, yeye ndiye kiongozi, na kesho angeongoza mbele za watu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na furaha, na hofu ilikuwa humo humo.

— Mazoezi ya jana yalinoga, bwana! alisema Wembe, kinyozi mwenye benchi, aliyemwacha mteja kitini ndani. Kodiani kumi na sita! Ukuta wa seremala ulikuwa unatetemeka. Mpaka tulipofika pale.

— Pale! aliitikia Breki, aliyeendesha malori miaka arobaini na hadi leo hupiga kodiani kama anashuka mlima.

Pale palijulikana. Kwenye wimbo wa “Shangazi Karibu”, katikati ya kiitikio, klabu hunyamaza kufumba na kufumbua, kisha huendelea. Wachezaji nao huinua mguu mmoja wakangoja. Harusi zote za mtaa zimechezwa hivyo miaka ishirini na ushei. Jana wageni hawakunyamaza. Walibonyeza noti yao nzima, wenyeji wakaachwa nyuma, wimbo ukamwagika wote. Kiongozi wa wageni, bibi mmoja mpole, akasema: “Sisi wageni, tutanyamaza nanyi. Ila tupeni sababu.” Jibu lilitakiwa leo.

— Sababu ni pumzi, alisema Wembe. Kodiani nayo ina mapafu.

— Mbona za wageni hazikuhema?

— Za wageni hazina adabu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Si wamekuja kwa basi?

— Na wewe mwakani ukiwafuata kwao, utakuwa nini? aliuliza Mama Birika, muuza kahawa, mwanaklabu pia, bila kuacha kumimina.

— Sikilizeni, alisema Breki. Ni mapenzi. Mwalimu alipokuwa kijana, kulikuwa na binti mmoja. Wimbo ukifika pale, binti anageuka. Mwalimu akimwona tu, vidole ganzi!

— Acha uongo. Mkewe hajacheza tangu tumjue.

— Nani kasema ni mkewe?

Benchi zima liliguna. Breki akainua kikombe juu.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu!

— Nyie mnacheza, alisema Wembe, sasa amesimama. Ile noti ilipigwa marufuku.

— Na nani?

— Na wakubwa! Zamani ikilia tu, watu wanatupa kazi wanacheza. Viwanda vinasimama!

— Noti moja?

— Moja! Haba na haba hujaza kibaba!

— Hata mimi nilisikia, Breki akadakia. Paa la shule liliezuliwa na noti hiyo hiyo.

— Ule ulikuwa upepo, kaka.

— Na upepo uliitwa na nani?

— Mie naona Mwalimu alipiga chafya siku ya kwanza, alisema Mama Birika, nanyi mkajifunza na chafya. Sindano, sema wewe. Wewe ndiye uliyekaa naye.

Sindano alizungusha kikombe.

— Nilipokuwa mwanafunzi niliibonyeza noti hiyo, kwenye kodiani yangu mpya. Akanigonga kidole kwa penseli. “Hapo hapana kitu,” akasema. Basi.

— Hukumuuliza?

— Sikumuuliza.

Aliona haya kulisema. Miaka yote ile, na hakuuliza. Kesho akiijaza noti, ataonekana anamsahihisha Mwalimu hadharani, naye hayupo kujitetea. Akinyamaza bila sababu, wageni watasema klabu nzima ni kasuku. Alimpenda yule mzee, na hakutaka kumwaibisha.

Hapo akatokea binti fundi wa redio, amekumbatia kodiani ya Mwalimu. Mjane alimpa Sindano aipige kesho, naye akaipeleka kwa binti huyo ifutwe vumbi na kubadilishwa mikanda.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti. Imepona?

— Mikanda tayari, na mivukuto nimeiziba matundu. Halafu kulikuwa na kitufe kimoja bubu. Kijibati chake cha ndani, kile kinachotoa sauti, kililiwa na kutu kikakatika, zamani sana, hata kabla sijazaliwa. Nimetia kingine.

Akabonyeza. Noti ikatoka safi, nene. Wembe akashika kichwa.

— Hiyo! Hiyo ndiyo ya wageni!

— Ndiyo yenyewe, alisema Sindano.

— Ngoja, ngoja. Yaani Mwalimu alinyamaza kwa sababu kitufe kibovu?

— Na sisi wenye vitufe vizima tukanyamaza naye!

— Mtaa mzima tumeinua mguu miaka ishirini kwa ajili ya kutu! alipiga kelele Breki.

Mama Birika alicheka hadi akaweka birika chini. Sindano naye alicheka, machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Alimwona akilini Mwalimu akilivuka pengo lile kila Jumamosi, hana fundi, hana kodiani nyingine, halalamiki, na bado watu wanacheza.

— Basi kwisha! alisema Wembe. Tuwaambie wageni tunaijaza. Samaki mkunje angali mbichi!

— Ijaribu kwanza, baba, alisema binti. Nisije nikawa nimefunga vibaya.

Sindano akavaa mikanda, akavuta. “Shangazi Karibu” ikashika barabara. Mteja wa Wembe akatoka mbio na taulo shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, akaanza kucheza. Madirisha yakafunguka. Breki akamkamata Mama Birika mkono. Kiitikio kikapanda, kikafika pale. Kidole cha Sindano kilikuwa juu ya kitufe, kitufe kizima, kipya.

Hakikushuka. Kodiani ikanyamaza. Mguu wa Breki juu, mguu wa Mama Birika juu, mguu wa yule wa nusu kichwa juu. Kisha wimbo ukawashusha wote pamoja ukaendelea hadi mwisho, watu wakipiga makofi madirishani.

Binti alikunja uso, akainama kukitazama kitufe.

— Mbona umeruka? Hakijapona?

— Kimepona, mwanangu. Kimepona kabisa.

— Sasa mbona hukukibonyeza?

Sindano alitazama kidole chake. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Sindano alijisikia mwepesi, hana hofu hata chembe.

— Wembe, kimbia kwa wageni. Waambie pale tunanyamaza.

— Wakiuliza sababu?

— Waambie hata sisi tumeulizwa sasa hivi, na miguu ilishainuka bila kungoja sababu.