Mshale wa Kurudi

Mheshimiwa Makamu wa Chansela, wakuu wa idara, walimu wenzangu, wanafunzi wangu. Na wewe Mama Seline, uliyetoka Asembo Bay alfajiri ili uje kuniaga: hamjambo nyote.

Nilikuja Kisumu kufundisha hisabati nikiwa kijana kutoka Bungoma, na leo mnanistaafisha kwa sifa nyingi kuliko ninazostahili. Lakini nitaondokaje bila kumtaja Adero, binti wa mama huyu, ambaye meza yake ofisini ilitazamana na yangu?

Tulihangaikia swali moja la nadharia ya kategoria: je, miundo miwili isiyofanana kwa sura ni isomofiki? Wageni wetu, maana yake si ngumu. Pawe na mshale wa kutoka huku kwenda kule, na mwingine wa kurudi. Ukienda kisha ukarudi, uwe pale pale kana kwamba hukutoka, naye anayeanzia kule apate vivyo hivyo. Adero aliupata wa kwenda. Wa kurudi ukawa kazi yangu.

Kisha akaajiriwa Kanada. Tukaendelea kwa simu, mwaka baada ya mwaka; alipiga mchana, kwake kukiwa asubuhi.

"Waliaula, umepata?"

"Bado, Adero."

"Tafuta, bwana! Mimi nangoja."

Akaugua, akafia huko huko. Tulimzika Asembo.

Mwezi wa Machi mwaka huu, mchana, nikaupata ule mshale wa kurudi. Nilishika simu nimpigie, jina lake likiwa mbele ya macho yangu, ndipo nikakumbuka. Nikaenda kwa mama yake.

"Mama, ile njia ya kurudi tumeipata."

Akaniuliza, "Sasa ndio mmepata? Kila akipiga simu ananiambia, 'Mama, Waliaula bado anatafuta njia ya kurudi.' Na mimi nilidhani ni ya yeye kurudi nyumbani. Kila Krismasi nilikuwa natandika kitanda chake."

Akanipakulia samaki na ugali, tukala.

Mama, nakujibu leo mbele ya watu hawa. Tulilolithibitisha ni kweli, na litachapishwa, jina la Adero likitangulia langu. Wanafunzi hawa watalisoma, nao watamjua. Lakini njia uliyoitandikia kitanda, hiyo hakuna hesabu inayoijua. Na mimi, Mama, mpaka leo simu ikilia mchana, huinuka upesi.

Nawashukuruni nyote kwa kunitegea sikio.