Kiti cha Mbele cha Vocho

Katika basi la kupanda Cuautepec, mtaa wa mlimani jijini Mexico, don Eleuterio, dereva wa teksi mstaafu, alimweleza mama aliyeketi naye kwamba anakwenda kuuza vocho yake, kigari chenye mgongo wa kobe kinachomsubiri huko juu. "Macho yamechoka. Lakini mnunuzi anataka nirudishe kiti cha mbele!"

"Kirudishe basi, babu. Kiti tu!"

"Kiti tu? Nilikitoa ili abiria wangu waingie na mizigo yao. Mlango wa abiria naufunga kwa kuvuta kamba, sinyanyuki. Bila kiti, ndilo gari langu hilo, mama!"

Nyuma yao, mimi niliyewahi pia kuendesha teksi ya vocho, moyoni nikamuunga mkono. Yangu haikuwahi kunikataa mlimani.

Basi likasimama. Mnunuzi, bila shaka ndiye, alikuwa kituoni, amekumbatia kiti kipya cha gari.

"Haya, shuka," mama akasema, akimpisha.

Don Eleuterio akafumbata ufunguo wa vocho. "Dereva, kituo kinachofuata ni kipi?"